Nondo mweupe wa kilima cha shaba

Mtoto wa dada yangu alimleta ndani ya kikopo cha maziwa ya unga, kifuniko kimetobolewa kwa msumari ili mdudu apate hewa. Ilikuwa wiki ya pili ya Aprili, mvua imeanza kukata hapa Lubumbashi, kusini mashariki mwa Kongo, na nyasi za kando ya njia zilikuwa bado mbichi. Alikuwa ametoka masomo na wenzake wakapita njia ya mkato upande wa Ruashi, kwenye kilima kisicho na miti. "Mujomba, angalia," akaniambia. "Huyu si kipepeo ya bule."

Nafundisha biolojia shule ya sekondari, na watoto wameniletea wadudu wa kila namna kwa miaka mingi. Wengi nawapa jina la jumla, tunawaangalia, tunawaachia. Huyu alinichukua wiki sita. Naandika kisa chake chote kwa sababu njia ya kumtambua ilipinda mara mbili, na mara ya pili, iliyokuwa nzito zaidi, tulipotea kwa kosa moja: tulishughulika na mahali alipookotwa, tukasahau kuuliza anakula nini.

Nianze na mdudu mwenyewe. Akitulia, mabawa ameyazungushia mwili kama mtu aliyejifunga kitenge dhidi ya baridi, na urefu wake wote ni karibu sentimita 2. Rangi ya msingi ni nyeupe ya maziwa. Juu yake kuna madoa ya aina mbili. Kuna mekundu, mapana kidogo, yenye pembe, kana kwamba mtu amekata vipande vya kitambaa kwa mkasi na kuvipanga. Katikati ya safu za mekundu kuna vitone vyeusi vidogo sana, kama alama inayoachwa na ncha ya kalamu ukiigusisha karatasi bila kuandika. Mgongo karibu na kichwa nao una vitone. Kwa mbali, juu ya jani kavu, unaona kitu cheupe tu chenye wekundu. Kwa karibu, chini ya lenzi ya mkono, unaona kwamba wekundu ule ni magamba membamba yaliyolaliana kama mabati ya paa, na kila doa jekundu limezungukwa na magamba meupe bila mstari wowote wa kuyatenganisha.

Watoto walimwita kipepeo kwa sababu alikuwa anaruka mchana. Hiyo si hoja. Nondo wengi huruka mchana, hasa wale wenye rangi za kuonya. Tazama papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani: za kipepeo huishia na kifundo kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, za huyu zilikuwa nyembamba kama uzi kuanzia kichwani hadi nchani. Basi ni nondo. Hapo hatukubishana.

Jibu la kwanza lililotupotosha lilitoka kwenye simu. Yule binti wa dada yangu alimpiga picha kwa juu, akaiweka kwenye programu ya kutambua viumbe, na programu ikajibu: Utetheisa ornatrix. Alifurahi sana. Mimi nilisita, kwa kuwa nilikumbuka nimewahi kusoma juu ya nondo huyo, naye ni wa bara la Amerika, kuanzia Marekani hadi kusini. Hakuna sababu ya kawaida ya kumkuta Ruashi. Lakini sikutaka kulikataa jibu kwa ajili ya ramani peke yake. Wadudu husafiri ndani ya makontena na magunia ya nafaka, na mtu anayekataa kila kitu kwa kusema "hakipatikani huku" hatagundua kamwe kitu kilichoingia jana. Nilitaka mwili wa mdudu wenyewe uniambie.

Tatizo la picha ile lilikuwa rahisi kuliona baadaye. Nondo aliyekunja mabawa anaonyesha yale ya mbele tu. Ya nyuma, ambayo kwa kundi hili yanasema mengi kuliko ya mbele, yanakuwa yamefichwa chini. Watu wengi hapo humbana mdudu kwa vidole na kuyafunua, naye anabaki na nusu ya magamba. Sisi tulimhamishia kwenye bilauri safi, tukaifunika kwa karatasi, tukaiweka dirishani na kumsubiri. Baada ya robo saa alianza kupanda ukuta wa kioo akielekea kwenye mwanga. Mguu ukateleza, akafungua mabawa kujizuia, na kwa muda wa sekunde mbili tatu tukamwona wote, kwa chini na kwa juu. Binti alipiga picha 14, mbili zikatoka vizuri.

Mabawa ya nyuma yalikuwa meupe. Pembeni kulikuwa na mpaka mweusi usio sawa, mpana hapa, mwembamba pale, kama wino uliolowesha pindo la shati jeupe. Katikati ya bawa kulikuwa na alama mbili ndogo nyeusi. Yule wa Amerika mabawa yake ya nyuma huwa ya rangi ya waridi. Tukamwondoa kwenye orodha kwa sababu inayoonekana kwa macho, na ramani ikaja kuunga mkono baadaye tu. Jenasi, yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu, hata hivyo, programu ilikuwa imeipata sawasawa: Utetheisa. Hilo lilikuwa msaada mkubwa na ni haki kulisema.

Tulimpima tukiwa na bahati ya picha ile ile, rula imebandikwa nyuma ya bilauri: milimita 35 kutoka ncha ya bawa hadi ncha.

Jibu la pili lililotupotosha lilikuwa langu mwenyewe, nalo lilikuwa zito kuliko la simu, kwa maana lilikuwa na elimu ndani yake. Msomaji wa mbali anahitaji kujua kwanza vilima vyetu vikoje.

Katika Katanga, kilima cha shaba na kobalti kinajulikana kwa macho. Msitu wa miombo unapanda hadi mahali fulani kisha unakatika, na juu zinabaki nyasi na mimea midogo. Shaba iliyomo udongoni ni sumu kwa miti mingi. Watafuta madini wa zamani walisoma dalili hizo: kilima chenye upara, na juu yake ua dogo la Haumaniastrum katangense, ambalo hupenda udongo wa namna hiyo. Mji wenyewe umezaliwa na vilima hivi. Ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ikaanza kuyeyushwa hapa. Sasa, mimea iliyozoea sumu hiyo kwa muda mrefu imekuwa mimea ya pekee. Kwenye vilima vya shaba na kobalti vya Katanga kuna mamia ya aina za mimea, na takriban 30 kati yake hazioti mahali pengine popote duniani. Mmoja wao ni Crotalaria cobalticola, mmea wenye maua ya manjano ambao Paul Duvigneaud na mwenzake waliueleza kisayansi mwaka 1959. Jina lake maana yake ni kwamba unakaa kwenye kobalti, na kweli unakaa huko, na kuibeba ndani ya majani yake.

Mtu akishayajua haya na kuletewa mdudu mzuri asiyemfahamu kutoka kwenye kilima chenye upara, moyo unaruka. Niliruka. Mwalimu mwenzangu wa jiografia naye alisema kama kuna mimea ya hapa tu, lazima kuna na wadudu wa hapa tu. Kwenye daftari niliandika: "Pengine ni wa vilima vya shaba peke yake." Nilipoandika neno pengine nilikuwa tayari nimeamini.

Lakini dai la namna hiyo lina upande wake wa pili. Kama mdudu ni wa kilima cha shaba, basi akikosekana nje ya kilima dai linapata nguvu, na akipatikana nje linaanguka. Nilikuwa sijatafuta nje. Wala sikuwa nimetafuta vizuri hata juu ya kilima. Nilikuwa na kikopo kimoja na maneno ya watoto.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda, binti na mimi, saa kumi alasiri jua likiwa limepungua ukali. Tulianza juu kabisa, kwenye mawe yenye kutu ya kijani, mahali ambapo nilitarajia kuwakuta wengi. Tulizunguka karibu saa nzima bila kuona hata mmoja. Tukashuka tumekata tamaa, na ni chini, ukingoni mwa njia ya baiskeli, udongo uliochimbuliwa wakati wa kupitisha bomba, ndipo waliporuka. Unapiga hatua, mmoja anaruka kutoka miguuni, anakwenda mita tano sita kwa mwendo wa kuyumba, kisha anatumbukia kwenye nyasi na kupotea, kwa kuwa amekunja mabawa na kugeuka kijiti cheupe. Katika hatua 20 za ukingo ule tulihesabu 11.

Kwa nini hapo? Binti ndiye aliyesikia. Kila alipopita, kitu kililia miguuni kama kayamba la mtoto: chwa-chwa-chwa. Yalikuwa maganda makavu, yamevimba kama vipuli, mbegu zimelegea ndani. Mmea wenyewe ulifika kiunoni, majani matatumatatu kwenye kila kikonyo, maua ya manjano yenye umbo la ua la kunde. Wanaosoma mimea wataujua kwa sauti peke yake. Jenasi ya Crotalaria imepewa jina kutoka neno la Kigiriki la njuga, kwa sababu ya sauti hii hii. Afrika ina zaidi ya aina 500 za jenasi hii. Watanzania wana aina wanayoipanda shambani, wanaiita marejea, na Kenya magharibi majani ya aina fulani zilizochaguliwa huliwa kama mboga kwa jina la mitoo. (Mwitu wa njiani usiuchume ukauweka sufuriani kwa kuwa umesoma hivi. Nyingi za jenasi hii zina sumu inayoharibu ini, na ng'ombe na farasi hufa kwayo.)

Maganda mabichi kadhaa yalikuwa na tundu. Kutoka kwenye tundu moja ulitokeza mkia wa kiwavi. Kichwa kilikuwa ndani, kinatafuna mbegu laini.

Nilikaa chini kwenye udongo pale pale. Nilikuwa nimeleta daftari lenye neno kilima, na mbele yangu kulikuwa na neno jipya, mmea. Wasiwasi mmoja tu ulibaki: vipi kama mmea huu ndio ule wa kobalti? Hapo nondo wangu angerudi kuwa wa kilima kwa mlango wa nyuma. Nilikata tawi lenye ua na ganda, nikalibana kwenye magazeti, na mtaalamu wa mimea tunayefahamiana akaliangalia wiki ile ile. Halikuwa lile la kobalti. Lilikuwa la kawaida, la kando ya barabara na mashamba yaliyolala, linalofuata udongo uliochimbuliwa na mtu. Ndiyo maana juu kwenye mawe hatukuona kitu.

Wiki ya tatu dai langu lilianguka kabisa, tena kwenye lupango, yaani uwanja wa nyumba, ya mama mmoja wa Katuba, mtaa mwingine wa mji, mbali na kilima chochote. Ana mistari ya lengalenga na matembele, na upande wa ukuta amepanda Crotalaria kwa mbegu alizopewa na mtu wa kilimo. Nilikwenda baada ya mwanafunzi mmoja kuona picha ya binti darasani na kupaza sauti: "Mwalimu, njo ule! Biko mingi kwa bibi!" Nilimwamkia bibi, nikamweleza nimefuata nini, akacheka kwa furaha na kunipeleka mwenyewe. "Hii majani, mwanangu, inarudisha udongo," aliniambia. Hakuwa amewahi kulisikia neno la Watanzania, marejea, lakini alilisema kwa namna yake. Naye yuko sahihi: ni jamaa ya maharage, na mizizi yake hukaa na bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuiacha ardhini. Alichokuwa hapendi ni viwavi vinavyomaliza mbegu kabla hajaziweka akiba ya mwaka unaofuata.

Viwavi vilikuwepo vya kila umri. Wakubwa walikuwa na urefu wa fundo mbili za kidole, weusi kuelekea kijivu, mstari mweupe umepita mgongoni toka kichwani hadi mwisho, na kwenye kila pingili alama ya rangi ya machungwa iliyokolea iliyokatiza. Manyoya yapo, machache, marefu. Havikujificha. Vilikaa juu ya ganda mchana kweupe kama vinavyojua kwamba hakuna wa kuvigusa.

Na kweli. Kuku wa bibi walikuwa wakipekua chini ya mimea hiyo hiyo. Nondo mmoja alianguka mbele ya tetea mweusi, akamdonoa, akamwinua, halafu akamtikisa na kumtupa. Akafuta mdomo ardhini upande huu, akafuta upande huu, akaondoka kwenda kutafuta mchwa. Nondo alibaki amelala ubavu kwa muda, kisha akajiweka sawa na kupanda kwenye jani. Bawa moja lilikuwa na pengo. Zaidi ya hapo alikuwa mzima.

Jambo hili linafahamika vizuri, hasa kwa kazi iliyofanywa juu ya yule ndugu yake wa Amerika. Mmea hutengeneza sumu za kundi la alkaloidi za pirolizidini ili usiliwe. Kiwavi wa Utetheisa anakula, sumu haimdhuru, naye anaiweka akiba mwilini, akaja kuwa nondo nayo. Thomas Eisner na Jerrold Meinwald wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba buibui anayemnasa ornatrix kwenye utando humkata nyuzi na kumwachia aende zake. Tena walionyesha kwamba dume humpa jike sehemu ya sumu yake wakati wa kupandana, na jike huitia kwenye mayai, ili hata yai lilindwe. Harufu ambayo dume hutumia kumshawishi jike hutengenezwa kutokana na sumu hiyo hiyo. Nilipowaeleza wanafunzi, kijana mmoja aliuliza kama basi dume hujitangaza kwa mali ya ukoo aliyoirithi tangu akiwa kiwavi. Nilimwambia ndivyo, na kwamba sijawahi kusikia mtu akilieleza vizuri zaidi.

Kwa hiyo wekundu ule tuliousifu kwenye kikopo ni tangazo. Unamwambia kuku: ulishaonja, kumbuka.

Ili kufunga utambuzi tulihitaji kuunganisha kiwavi na nondo bila kubahatisha, kwa kuwa nondo zaidi ya mmoja hula Crotalaria. Wapo wa jenasi ya Argina, nao ni wa Afrika, viwavi vyao huishi kwenye mimea hii hii. Wakubwa wake wana madoa meusi bila mekundu katikati yake, na mabawa ya nyuma yenye rangi kali. Nilimwomba bibi viwavi vinne na matawi. Alinipa tisa na kuniombea heri. Tuliviweka kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa, kitambaa cha chandarua juu, karatasi chini, maganda mabichi kila jioni. Kazi ya usafi ilikuwa ya binti na aliifanya bila kukumbushwa hata mara moja. Viwili vilikufa, nadhani kwa unyevu. Vilivyobaki viliteremka kwenye karatasi, vikajifunga kwa nyuzi chache za hariri, hazikufika kuwa kifukofuko cha kweli, na ndani yake ikaonekana pupa ya hudhurungi inayong'aa. Siku ya kumi na moja asubuhi, kabla ya chai, binti alinigongea dirisha. Kwenye chandarua alikuwa ananing'inia mweupe, mabawa bado yamesinyaa kama karatasi iliyolowa. Tulimtazama yakijaa maji ya mwili na kunyooka, na madoa mekundu yakipanuka pamoja nayo, kila moja likienda mahali pake. Ilichukua dakika zisizofika 20. Wote saba walitoka, na wote saba walikuwa na mabawa ya nyuma meupe yenye pindo jeusi.

Jina lake ni Utetheisa pulchella. Carl Linnaeus alimtaja mwaka 1758, na neno pulchella kwa Kilatini ni kumwita kadogo kazuri. Siku hizi yumo kwenye familia ya Erebidae, kundi dogo la Arctiinae.

Na makazi yake? Hapa ndipo daftari langu lilipobadilika kabisa. Nondo huyu yupo karibu Afrika yote yenye uwazi, kuanzia kusini kabisa hadi ufuko wa Mediterania. Yupo kusini mwa Ulaya, Mashariki ya Kati, na India, ambako wakulima wanaopanda Crotalaria juncea kwa ajili ya nyuzi wanamhesabu miongoni mwa wadudu waharibifu wa zao hilo, sawa na alivyo adui wa mbegu za bibi wa Katuba. Miaka mingine, upepo wa kusini ukiwa mzuri, wachache hufika hadi Uingereza, ambako hawawezi kukaa. Asia ya mashariki hadi Australia kuna jamaa yake, Utetheisa lotrix, anayefanana naye mno hata picha nzuri haitoshi kuwatenganisha. Hula Crotalaria, na pia mimea ya familia ya Boraginaceae, kama vile Heliotropium, ambayo nayo ina alkaloidi za kundi lile lile. Ukizichora sehemu hizi zote kwenye ramani utashindwa kuona zinachofanana: jangwa, bustani, kando ya reli, shamba lililolala, ufuko wa bahari. Ukichora mimea yenye sumu ile, unamwona nondo.

Ndiyo maana neno makazi linatudanganya tunapolitumia kama anwani. Kwa mdudu huyu makazi ni jani na ganda. Kilima cha Ruashi kilimpokea kwa kuwa mtu alichimba mtaro, udongo ukafunguka, Crotalaria ya kawaida ikaota. Mwaka ujao nyasi zikiifunika, nondo watakuwa wameshahama. Ni wasafiri, wana vizazi vingi kwa mwaka, na moto wa kiangazi ukipita miomboni mwezi wa nane wao hawana haja ya kuungoja.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo lilinihuzunisha, ingawa halikuwa swali la binti. Nondo na mmea wa kobalti wangeweza kukutana. Ni jenasi ile ile anayoila, na vilima ni vile vile. Lakini ukiwaweka bega kwa bega, mmoja anaweza kupeperuka kutoka Katuba hadi mahali ambapo hakuna aliyesikia jina la Katanga, na mwingine hana hatua hata moja ya kupiga nje ya udongo wake. Vilima vyake vinachimbwa kila siku, kwa sababu kobalti iliyomo kwenye udongo wake ndiyo inayoingia kwenye betri za simu, ikiwemo ile tuliyompigia nondo picha. Nilitumia wiki tatu kumtafutia kiumbe mwenye mabawa hadhi ya kuwa wa hapa tu, wakati wa hapa tu alikuwepo muda wote, ameotea kwenye mawe, na mimi nilikuwa natazama kinachoruka. Sasa wanafunzi wangu wa mwaka wa nne wanaanza somo la wadudu kwa mimea. Siku ya kwanza hawashiki nyavu. Wanashika mkasi na magazeti.

Kati ya nondo saba, sita tuliwaachia Katuba, kwa idhini ya bibi, ambaye alisema wale mbegu wanazozikuta, mwaka huu ameshaweka za kutosha. Mmoja, aliyetoka na bawa lililokunjika na asingeweza kuruka, yumo kwenye sanduku la shule. Niliandika lebo kama nilivyofundishwa: Lubumbashi, Katuba, Mei, alilelewa tangu kiwavi, jina. Binti aliisoma, akaomba kalamu, akaongeza mstari mmoja chini kwa herufi ndogo ili zienee: "Alikula maganda ya Crotalaria kwenye lupango ya bibi."